Orodha ya Wabebaji

Mjini, 3 Februari

Shemeji yangu Seremala,

Nakuandikia barua kwa sababu simu yenu imenishinda. Jumapili nilikupigia, ukapanda kilimani kutafuta mtandao, na kila nililokuuliza ukanijibu kwa kupayuka mpaka nikasikia watu wakicheka nyuma yako. Anayetaka siri huko kwenu aachane na simu. Dereva wa lori la maziwa amekubali kutuchukulia barua kila wiki, na ameapa hasomi za watu. Tumwamini tu, tutafanyaje.

Bahasha hii nene ni kazi ya miezi minne ya ofisi yetu ya maafa, na nisijifiche, ni kazi ya mikono yangu. Mpango wenyewe ni mwepesi. Maji yakifika alama nyekundu kwenye ule ubao wa kupimia pale darajani, filimbi inapigwa mara tatu na bonde zima linapanda shuleni. Wasioweza kupanda kwa miguu yao ni thelathini na mmoja, na kila mmoja nimempangia mtu wa kumbeba. Nimekaa na ramani, nimepima umbali wa nyumba kwa nyumba, nimeuliza nani ana nguvu na nani ana maneno tu. Sijaacha mtu.

Mama, kwa magoti yale, ni namba saba. Nimempa wewe. Kutoka kwako mpaka kwake ni hatua mia mbili, fremu za milango unazinyanyua peke yako, na usivimbe kichwa nikikwambia kwamba katika bonde lote hakuna ninayemwamini kama wewe.

Mwenyekiti aisome orodha mkutanoni, kisha mfanye zoezi. Uniandikie lilivyokwenda.

Shemeji yako,
Bwana Maafa (najua ndivyo mnavyoniita)


Bondeni, 17 Februari

Shemeji Bwana Maafa,

Orodha imefika, inanuka maziwa lakini inasomeka. Mwenyekiti ameisoma mbele ya watu wote, namba moja mpaka thelathini na moja. Watu walinyamaza kabisa. Mwenyekiti amesema kimya kile ni kukubali, basi nami nakuandikia hivyohivyo.

Zoezi tulifanya jana saa nne asubuhi. Ilitakiwa iwe ghafla, lakini tangu alfajiri watu walikuwa wamekaa vizingitini wakisubiri kushtuka. Wengi walivaa nguo za kutokea, maana zilivuma habari kwamba kutapigwa picha. Filimbi ilipolia, fundi cherehani alipanda na cherehani yake kichwani. Ukimwuliza watoto wako wapi, anasema wanakuja. Muuza duka alifunga duka, akafungua, akafunga tena, akiogopa asije mteja akamkosa. Mzee wa namba kumi na mbili alipofikishwa shuleni alikataa kushuka mgongoni, akasema safari imekuwa tamu, arudishwe nyumbani vilevile. Tulicheka mpaka mbebaji wake naye akaishiwa nguvu. Kwa saa yangu, mtu wa mwisho alifika baada ya dakika arobaini. Tutapunguza.

Mama hakushiriki. Aliamka na kichwa, akafunga mlango. Mimi pia siku hiyo mgongo ulinishika, kwa hiyo hata angekuwa mzima ingekuwa kazi. Usiwe na wasiwasi.

Mke wangu, mdogo wako, anakusalimu. Anasema umekuwa adimu, na kwamba tangu upate ofisi yenye feni humjui mtu.

Shemeji yako,
Seremala


Mjini, 24 Februari

Shemeji,

Nimecheka peke yangu ofisini mpaka mhudumu akaja kuangalia. Huyo fundi cherehani mwambieni cherehani haizai.

Lakini kichwa cha mama na mgongo wako vimeugua siku moja? Haya. Zoezi la pili liwe tarehe 8 Machi, na safari hii namtaka mama awemo. Watu wa hali ya hewa wanatuambia mvua za mwaka huu zitakuwa kubwa na zitawahi. Mlazimishe kidogo, atakusikiliza, kwake wewe ni mtoto wa kumzaa. Ndani ya hii kuna karatasi yake, mdogo wangu ampelekee.

Bwana Maafa


Bondeni, 4 Machi

Mwanangu,

Karatasi yako nimeipata. Nimeisoma kwa miwani ya jirani, yangu nimeikalia. Mimi sijambo, magoti ndiyo yaleyale, asubuhi yananidai ruhusa kabla sijasimama.

Hayo mambo ya filimbi waachie wenye miguu. Mto huu naujua tangu hujazaliwa, na mlango wangu naujua. Siku yenyewe ikifika Mungu atajua cha kunifanya.

Halafu nakuomba, usimsumbue mkwe wangu. Ni mtu wa heshima zake, sina neno naye hata moja. Asije tu kunibeba. Abaki hukohuko kwake, anisalimu kwa mbali kama siku zote, na mimi nitashukuru.

Ukipata nafasi nitumie betri za redio, zile nene. Hizi za hapa dukani zinakufa taarifa ya habari ikiwa katikati.

Mama yako


Mjini, 12 Machi

Shemeji,

Leo sina utani. Mwenyekiti alipanda kilimani akanipigia. Ameniambia kwamba katika zoezi la pili mama alifunga mlango tena, na wewe ulikuwa umejifungia karakana, nyundo inasikika mpaka barabarani huku filimbi inalia. Mgongo ulikuwa unauma au ulikuwa unagonga misumari?

Mama naye ameniandikia kwamba hataki umguse, ubaki kwako, umsalimu kwa mbali. Mama yangu simjui kwa kisirani. Umemfanya nini? Kama mmekosana, niambie nijue. Miaka yote hii nimekuwa nikijisifu kwa watu kwamba dada yangu amepata mume.

Umesahau baba yetu alivyokufa? Miaka kumi na minane iliyopita maji yalimkuta kitandani, mgonjwa asiyeweza kuinuka, na watu wote tuko juu shuleni, kila mmoja akidhani mwenzake ameshakwenda kumchukua. Kwa sababu hiyo nimeandika majina. Ili asiwepo tena mtu wa kusema alidhani.

Kama humtaki mama yangu mgongoni kwako, sema nitafute mwingine. Lakini nikimpoteza kwa uzembe wako, tusijuane.

Ni mimi


Bondeni, 19 Machi

Shemeji,

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikaenda kupiga randa mpaka hasira ikaisha. Mama hajanikosea wala mimi sijamkosea. Kuna jambo linatuzuia, na siwezi kulitamka kwako kwa sababu wewe ni mwanawe.

Usinitoe kwenye orodha.

Seremala


Bondeni, 21 Machi

Kaka,

Mume wangu amekujibu kwa mistari minne na hajui kwamba nami naandika. Yeye ana staha. Mimi sina, nimezaliwa nyuma yako na nakujua tangu ukilia kwa kuogopa kuku.

Kaka, umempangia mama abebwe mgongoni na mkwewe. Soma tena sentensi hiyo, ukiwa umeweka kalamu chini.

Mume wangu na mama, mwaka wa kumi na moja huu, hawajawahi kukaa mkeka mmoja. Wakikutana njiani, yeye anaingia majanini mpaka mama apite. Akitaka kumwambia kitu ananiambia mimi, na mama yuko palepale: "Mwambie mama paa lake linavuja." Na mama ananiambia mimi: "Mwambie nimesikia." Natafsiri Kiswahili kwa Kiswahili! Huo ndio upendo wao, na ni upendo kwelikweli, maana paa huzibwa siku hiyohiyo. Sasa wewe umekaa na ramani, ukaona hatua mia mbili. Hukuona kwamba mama itabidi amkumbatie shingo mume wa bintiye, miguu kiunoni, kilima kizima, kijiji kinatazama.

Ile siku orodha inasomwa, namba saba ilipotajwa, mama alifunika uso kwa upande wa shuka. Mume wangu aliangalia viatu vyake mpaka mkutano ukaisha. Nani angesema kitu? Kulikataa ni kulitaja, na kulitaja mbele ya watu ni aibu kuliko kubebwa kwenyewe. Na wewe ndiye mwenye ofisi, nani akukosoe? Mama akaniambia usiku wake jambo moja tu: "Heri maji." Sikulala.

Sasa hiyo nyundo unayomlaumia. Anatengeneza kiti. Kina mgongo mrefu wa mbao na mikanda ya kuvaa mabegani, ili mama akae ameangalia nyuma, yeye akiangalia mbele, mbao katikati yao. Cha kwanza kilikuwa kizito. Cha pili nilikaa mimi kukijaribu, kikavunjika, na nisikusikie ukicheka. Hiki cha tatu kimetulia. Anakipima karakana wakati wa zoezi kwa sababu ndipo barabara huwa tupu, hakuna wa kuchungulia, watu wote wako kilimani. Tatizo limebaki mama mwenyewe. Nimemweleza habari za kiti, amesema mgongo ni mgongo.

Mtu uliyemwandikia "tusijuane" anatoka vidonda mabegani kwa ajili ya mama yako. Mwombe radhi kabla mvua haijaanza. Huku mawingu yamekaa juu ya mlima siku ya tatu hayaondoki.

Mdogo wako


Mjini, 27 Machi

Shemeji yangu,

Nimesoma barua ya mke wako nikiwa nimesimama, na nilipomaliza nikakaa. Nisamehe. Sikukutukana kwa kujua. Nilikutukana kwa kutojua, na nadhani hiyo ni mbaya zaidi kwa mtu anayelipwa ili ajue.

Kuanzia leo namba saba nampa Mama Mkaa, anayenyanyua magunia ambayo mimi siwezi hata kuyasogeza. Ni mwanamke mwenzake na ni rika lake. Mke wako amweleze mama leoleo, amwambie mkwewe hatambeba, afungue mlango. Na wewe pumzisha mabega.

Nimeangalia tena majina yale mengine thelathini. Sasa kila ninapotazama naona kitu sikijui.

Lori linaondoka baada ya saa moja. Mito ya juu imeanza kupanda.

Shemeji yako


Shuleni, 9 Aprili

Mwanangu,

Lori la maziwa limevuka jana kwa mara ya kwanza. Barua yako kwa mkwe wangu ilikaa humo siku kumi na mbili. Amenisomea mdogo wako. Hiyo habari ya Mama Mkaa tumeicheka wote wawili, mimi na Mama Mkaa mwenyewe, maana ndiye ninayelala naye darasani, mkeka kwa mkeka, na anakoroma.

Mwenyekiti alikupigia akakwambia wote thelathini na mmoja tumefika. Ni kweli. Nyumba yangu ndiyo haikufika. Lakini najua unataka kujua ilivyokuwa, nami nataka uijue kwangu mimi.

Filimbi ililia saa tatu asubuhi. Nikaweka komeo kama ilivyo kawaida yangu. Haikupita dakika nyingi nikasikia hodi. Nikachungulia upenyoni, nikamwona mkwe wangu amesimama uani, uso ameuelekeza barabarani. Akasema, "Mama, kiti nimekiweka mlangoni. Mimi nimegeuka. Ukishakaa, gonga mbao." Kwa miaka yote hiyo, ndiyo mara ya kwanza kuniambia neno zaidi ya salamu bila mdogo wako katikati.

Nikamwambia aende akasaidie wengine. Hakubisha. Alivaa ile mikanda mabegani, akakaa chini kizingitini, kiti kimeegemea mlango wangu, akasema, "Basi nami nakaa." Akakaa kweli. Maji yakaja yakiwa kama ya kufua tu, mepesi, na povu lake. Yakamfika vifundoni. Yakafika magotini kwa jinsi alivyokaa. Hakuniita tena. Nilisimama nyuma ya mlango nikaona kwamba kwa haya zangu namfanya binti yangu mjane.

Nikafungua. Nikakaa. Nikagonga.

Hatukusemezana njia nzima. Yeye alikuwa anaona kilima, mimi nilikuwa naona bonde. Niliona sufuria zangu zikitoka mlangoni moja moja kwa utaratibu, kubwa kwanza. Penye utelezi alipiga goti, akasema, "Samahani, Mama," nikasema, "Pole, mwanangu." Basi. Tulipofika aliniteremsha, akaondoka bila kugeuka. Kesho yake alinisalimu kwa mbali kama siku zote, nami nikamwitikia, na kila mtu akajifanya hajaona kitu. Hiki kijiji kina watu wazuri.

Sasa nikwambie kilichonikaa, maana nimeona mwisho wangu na sitaki kukaa nacho. Mdogo wako alikuandikia kwamba nilifunga mlango kwa ajili ya haya. Ni kweli, lakini si yote. Siku ile mwenyekiti aliposema "Namba saba," akanitaja, kabla hajageuza macho kwa mbebaji, nilisubiri akutaje wewe. Najua uko mjini. Najua maji hayamngojei mtu afike na basi. Akilini najua yote hayo. Lakini ulikaa ukatafuta nani atambeba nani, watu sitini na mbili, na wewe mwenyewe hukuwemo popote. Niliumia, mwanangu. Nikafunga mlango.

Betri zilifika, asante. Redio ilikwenda na maji.

Mama yako


Mjini, 16 Aprili

Mama,

Barua yako nimekaa nayo siku tatu.

Ningeweza kukujibu kuhusu umbali, na ingekuwa kweli, na ningekuwa nimekudanganya. Sikujiandika kwa sababu naogopa. Asubuhi ile ya baba nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mimi ndiye niliyekuwa karibu naye kuliko wote. Nilipita mlangoni kwake. Mkononi nilikuwa na vitabu vya mtihani, nikajiambia baba mdogo yuko njiani anakuja kumchukua. Nikapanda. Sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Mwezi uliofuata nikahamia mjini, na tangu hapo kazi yangu imekuwa kupanga watu wengine. Napanga vizuri sana, Mama. Nimepewa na cheti.

Shemeji nimemwandikia peke yake. Sitaki kukusimulia, ni mambo ya wanaume kulia kwenye karatasi.

Nimeomba ofisi iniweke bondeni kila msimu wa mvua, na mkuu wangu amekubali kabla sijamaliza sentensi, amesema alikuwa akishangaa nilikuwa nangoja nini. Nitafika Jumamosi na lori. Nitapita milango yote thelathini na moja bila ramani, na kila mtu nitamwuliza kitu kimoja: utakubali kubebwa na nani?

Nitaanzia kwako. Kama ukinikataa, nitaelewa.

Mwanao


Shuleni, 20 Aprili

Mwanangu,

Nilikuona ukipanda na vitabu vyako. Nilikuwa nyuma yako, ndoo ya unga kichwani. Nikaona unatokea upande wa mlango wa baba yako, nikajiambia mtoto wangu ameshapanga mtu wa kumchukua, nikapita. Miaka kumi na minane nakutazama unavyojikwepesha, na sikukwambia, kwa sababu ningekwambia ningekuwa nimejitaja na mimi.

Njoo. Nimepimwa zahanati juzi, ni kilo sitini na nane. Kula ushibe kabla hujapanda lori.

Mama yako